Minyoo wa sura moja, majina mbalimbali: Eastlands ina haki ya kuwajua

Jumamosi moja alfajiri nilipita nyuma ya kichinjio kidogo huku kwetu Eastlands nikienda kutafuta nyama ya wageni. Uchochoroni niliwakuta mbwa koko saba wametulia kama watu walio kwenye foleni ya benki. Punde akatokea kijana aliyevaa gambuti, karai mkononi, akamwaga chini mapafu mawili na kipande cha ini. Kwenye pafu moja palikuwa na kifuko cheupe kiasi cha chungwa, kimejaa maji maangavu. Kabla sijavuta pumzi ya pili, mbwa walikuwa wamekwisha kukirarua.

"Kijana, kile kilikuwa nini?" nikamuuliza.

Akacheka. "Ni maji tu, mzee wangu. Mkaguzi amekikataa, lakini mbwa hawachagui. Nyama yako wewe ni safi, usiwe na shaka."

Alisema kweli, lakini nusu. Nyama yangu ilikuwa safi. Hatari haikuwa kwenye mfuko niliobeba kwenda nyumbani, bali kwenye matumbo ya wale mbwa saba, ambao mchana huo huo wangezurura kwenye viwanja wanakochezea watoto wetu. Na jambo ambalo kijana yule hakulijua, wala hata mimi sikulijua hadi nilipolifuatilia, ni kwamba kile kifuko kingeweza kuwa na mnyoo wa aina hii au wa aina ile, na kwamba tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Inamhusu mkazi wa Kariobangi, wa Dandora na wa Umoja kama inavyomhusu mfugaji wa Turkana.

Maoni yangu leo ni haya: wakati umefika kwa jiji letu kuacha kutupa vifuko hivi na kuanza kuvipima kwa DNA, ili tujue ni minyoo gani hasa wanaoingia Nairobi kwa lori za mifugo. Nitaeleza kwa nini.

Safari ya mnyoo

Kwanza tumjue adui. Huyu ni tegu mdogo sana, urefu wake milimita chache tu, anayeishi ndani ya utumbo wa mbwa. Mbwa mmoja aweza kubeba maelfu ya tegu hawa na bado akabweka na kula kama kawaida. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi cha mbwa, yakaenea kwenye nyasi, maji, udongo na hata manyoya ya mbwa mwenyewe. Kondoo, mbuzi, ng'ombe au ngamia anapoyameza malishoni, mayai huanguliwa, vijidudu hupenya utumbo na kuingia katika damu, kisha hutua kwenye ini au mapafu na kujenga kifuko cha maji. Mbwa akila kiungo chenye kifuko hicho, tegu wapya hukua tumboni mwake na mzunguko huanza upya.

Binadamu hujikuta katikati ya mzunguko huu kwa bahati mbaya. Hatuupati ugonjwa huu kwa kula maini yenye vifuko, ijapokuwa hakuna anayetamani kuyala. Twaupata kwa kumeza mayai yaliyotoka kwa mbwa: kwa mkono usionawa, kwa mboga isiyooshwa, au kwa mtoto aliyemkumbatia mbwa kisha akatia kidole mdomoni. Baada ya hapo kifuko hukua polepole kwa miaka. Mtu aweza kukaa miaka mingi bila dalili, kisha akaanza kuumwa chini ya mbavu za kulia, au kukohoa, au tumbo likavimba. Kifuko kikipasuka ndani ya mwili chaweza kuleta mshtuko wa ghafla unaoua.

Matibabu yapo. Kuna upasuaji, kuna vidonge vya albendazoli, na kuna njia ya kufyonza maji ya kifuko kwa sindano huku daktari akitazama kwa ultrasaundi. Lakini zote hizo zataka hospitali kubwa, muda na pesa. Mlalahoi wa Eastlands hana hata kimoja cha kutosha.

Hapa Kenya ugonjwa huu umejulikana zaidi katika Turkana, ambako viwango vyake vimewahi kuhesabiwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Kuanzia mwaka 1983 shirika la AMREF liliendesha huko mpango wa kuudhibiti, likitibu wagonjwa, likifundisha jamii na kupunguza mbwa. Katika miaka hiyo ya themanini ndiko mashine za kubebeka za ultrasaundi zilikotumika mashinani kuwatafuta wagonjwa walio vijijini, jambo lililoigwa kwingineko duniani. Kwa hivyo mtu asiseme kwamba Kenya ni mgeni katika vita hivi.

Injini chini ya boneti

Sasa tuje kwenye kiini cha maneno yangu. Kwa miaka mingi vitabu vilituambia kwamba tegu huyu ni mmoja, Echinococcus granulosus, jina alilopewa mwaka 1786. Chini ya hadubini anafanana na wenzake kiasi kwamba hata mtaalamu hujikuta akikisia.

Wacha nitoe mfano wa hapa nyumbani. Tuseme kuna matatu mbili za Buruburu, zote nambari 58, rangi moja, michoro ileile, hata wimbo unaopigwa ndani ni uleule. Abiria aliye kituoni hawezi kuzitofautisha. Lakini fundi wa Grogan akifunua boneti, anakuta injini mbili za kampuni mbili. Spea za hii haziingii kwenye ile, wala ratiba ya kubadilisha oili si moja. Anayezitengeneza zote kwa mkono mmoja atashangaa kwa nini moja inamzimikia kila mara barabara ya Jogoo.

DNA ndiyo iliyotufunulia boneti. Wengi wetu tumeisikia DNA katika kesi za mahakamani za kutafuta baba wa mtoto. Kwa minyoo kazi ni ileile. Mtafiti huchukua kipande kidogo cha kifuko, au hata yai moja lililookotwa kwenye kinyesi, akanakili sehemu fulani ya jeni mara mamilioni, kisha akasoma herufi zake moja baada ya nyingine. Herufi zikilingana, ni ndugu wa tumbo moja. Zikitofautiana sana, basi hata wawe na sura moja, ni koo mbili zilizoachana zamani za kale.

Mwaka 1992 watafiti walichapisha matokeo ya kusoma kipande cha jeni cha tegu kutoka nchi mbalimbali, wakaona makundi yanayotengana waziwazi. Kazi iliendelea, na mmoja akageuka kuwa wengi: yuko tegu anayependa kondoo, yuko wa ng'ombe, yuko wa ngamia na nguruwe, na wengineo. Hizi zinahesabiwa sasa kuwa spishi kadhaa, yaani aina kamili za viumbe zisizopaswa kuchanganywa. Wa kondoo, wa ng'ombe na wa ngamia, wote watatu wamethibitishwa kuwepo katika mifugo ya Kenya.

Tegu wa simba

Kisa kinachonivutia kuliko vyote ni cha tegu wa simba. Mwaka 1937 mtaalamu wa Afrika Kusini aitwaye Ortlepp alieleza tegu aliyetoka kwa simba, akampa jina lake mwenyewe, Echinococcus felidis. Miaka ya 1960 ilipofika, wataalamu waliopitia upya majina hayo waliona hakuna sababu ya kutosha ya kumtenga. Sura ilikuwa ileile. Jina la tegu wa simba likashushwa, akahesabiwa kuwa tawi tu la yule wa mbwa. Haikuwa kosa la uzembe. Hadubini haikuwa na zaidi la kuwaambia.

Karibu miaka 40 ikapita. Kisha watafiti wakaenda mbuga ya Queen Elizabeth, magharibi mwa Uganda, wakaokota kinyesi cha simba na kutoa humo mayai ya tegu. Wakasoma jeni zake, wakalinganisha na sampuli ya zamani ya tegu wa simba wa Afrika Kusini iliyokuwa imehifadhiwa miaka mingi. Herufi zikalingana, na zikawa mbali na za tegu wa mbwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: Ortlepp alikuwa amesema kweli. Tegu wa simba akarudishiwa jina lake. Baadaye fisi naye alikutwa na tegu huyo, na ngiri akakutwa na kifuko chake.

Tazama jambo hili kwa makini, msomaji. Simba ni miongoni mwa wanyama wanaopigwa picha sana Afrika ya Mashariki. Watalii wanavuka bahari kuja kumtazama. Hata hivyo ndani ya matumbo yake mlikuwa na kiumbe ambacho sayansi ilikipa jina, ikakisahau, kisha ikakipata tena kwa msaada wa kinyesi. Ikiwa hayo yamewezekana kwa simba, je, ni mangapi yaliyofichika kwa mbuzi anayeshushwa kwenye lori huku kwetu ambaye hakuna anayempiga picha?

Humu nchini nako kazi imefanyika. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wanyama wala nyama katika maeneo sita ya hifadhi ya Kenya. Tegu wa simba alithibitishwa, na pamoja naye akapatikana yule tegu wa mifugo ndani ya wanyama wa porini. Maana yake ni kwamba mzunguko wa boma na mzunguko wa mbuga unagusana. Hakuna ushahidi uliothibitishwa kwamba tegu wa simba humwambukiza binadamu, na simwandikii mtu yeyote ili achukie simba. Nasema tu kwamba bila DNA tungeona yai kwenye kinyesi cha simba na kumlaumu simba kwa mnyoo uliotoka kwa kondoo wetu, au kinyume chake.

Yatuhusu nini?

Najua kuna anayesoma haya akiwa ndani ya basi la kwenda Kayole, akiguna: "Huyu naye! Maji hayajatoka mferejini wiki nzima, bei ya unga imepanda, naye anatuletea majina ya minyoo." Ndugu yangu, malalamiko yako nayaelewa. Nami nilidhani hivyo. Lakini nipe nafasi ya sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni kalenda ya dawa. Mbwa hupewa dawa iitwayo prazikwanteli, inayoua tegu wote hawa. Hoja ni impewe kila baada ya muda gani. Tegu wa kondoo huchukua siku 45 hivi tangu mbwa ale kifuko hadi aanze kutoa mayai. Tegu wa ng'ombe aweza kuanza kwa siku 35 hivi. Sasa piga hesabu. Ukiwapa mbwa dawa kila wiki sita, yaani siku 42, umemwahi tegu wa kondoo kabla hajataga. Lakini yule wa ng'ombe ametangulia kwa wiki nzima, na wiki nzima mayai yake yanamwagika uwanjani ilhali karatasi za ofisi zinaonyesha kwamba mbwa wote wametibiwa. Hapo pesa zimetumika, kazi imefanyika, na ugonjwa haujaisha. Kisha tunalaumu mbwa, tunalaumu wananchi, kumbe tulikuwa tunapigana na mnyoo mwingine.

Sababu ya pili ni chanjo. Iko chanjo ya kondoo na mbuzi iitwayo EG95, iliyovumbuliwa Australia na New Zealand, ambayo katika majaribio imewakinga kondoo kwa kiwango kikubwa mno. Chanjo hiyo ilitengenezwa kutokana na protini ya tegu wa kondoo. Watafiti waliposoma jeni hiyo hiyo kwa tegu wa ngamia, walikuta protini yake inatofautiana. Basi kabla ya serikali kununua chanjo kwa ajili ya kaskazini mwa nchi, ambako kondoo, mbuzi na ngamia wanalishwa pamoja, ni lazima ijue ni tegu gani aliye wapi. Kununua kufuli bila kujua ufunguo ni upi ni kuchezea kodi ya mwananchi.

Sababu ya tatu ni kujua nani ni hatari zaidi kwa binadamu. Turkana ina ngamia wengi, na ngamia hao wana vifuko. Mtu angetarajia wagonjwa wengi wa huko wawe na tegu wa ngamia. Lakini vifuko vilivyotolewa kwa wagonjwa vilipopimwa kwa DNA, wengi wao walikuwa na tegu wa kondoo. Wa ngamia alikuwepo, ila kwa wachache. Kwa hiyo ikiwa pesa za kinga ni haba, na huwa haba daima, tunajua tuanzie kwa kondoo. Ujuzi huo haukutoka kwa hadubini wala kwa kubahatisha.

Funzo la Soroti

Kwa yeyote anayedhani haya ni mambo ya maabara tu, namkumbusha yaliyowapata jirani zetu. Mwaka 1998 ugonjwa wa malale, ule unaoletwa na mbung'o, ulizuka wilayani Soroti, mashariki mwa Uganda, mahali ambapo haukuwa umezoeleka. Vijidudu vya malale vipo vya aina zinazofanana kabisa chini ya hadubini. Baadhi humdhuru ng'ombe na wanyama pori tu, wengine humuua binadamu. Ukimtazama kwenye damu ya ng'ombe huwezi kujua ni yupi.

Lakini wale wanaomshambulia binadamu wana jeni moja inayowawezesha kuhimili kinga iliyo katika damu yetu. Watafiti walipoitafuta jeni hiyo katika ng'ombe wa Soroti, waliikuta. Ng'ombe walioletwa kupitia soko la mifugo kutoka maeneo yenye ugonjwa walikuwa wameubeba pamoja nao, wakiwa wazima machoni pa mnunuzi. Baada ya kujua hivyo, ikaeleweka kwamba kumtibu ng'ombe kabla hajauzwa ni kumwokoa mtu. Soko ndilo lililokuwa mlango, na mlango haukuwa umelindwa kwa sababu hakuna aliyeweza kumtambua mwizi.

Sisi nasi tuna milango yetu. Mbuzi wanaochinjwa Kiamaiko, pale Huruma, hutoka kaskazini mwa nchi kwa lori usiku kucha. Nyama ya ngamia inayoliwa Eastleigh nayo hutoka huko huko ukame uliko. Burma, karibu na uwanja wa City, mtu hununua nyama ya ng'ombe kutoka karibu kila pembe ya nchi. Hakuna sehemu nyingine ya Kenya ambapo kondoo wa mashariki, mbuzi wa kaskazini, ng'ombe wa Umaasaini na ngamia wa mpakani hukutana ndani ya mwendo wa saa moja kwa miguu. Kwa mchuuzi hilo ni neema. Kwa daktari wa mifugo, hiyo ni hazina ya habari inayotupwa kila siku shimoni, au vibaya zaidi, uchochoroni kwa mbwa.

Kifanyike nini?

Jambo la kwanza, serikali ya kaunti isikwepe. Katiba ya mwaka 2010, katika jedwali la nne, imezipa kaunti jukumu la machinjio, huduma za mifugo na udhibiti wa wanyama, pamoja na leseni za mbwa. Hakuna wa kurushiwa mpira. Kila kichinjio, kikubwa kwa kidogo, kiwe na shimo lenye kifuniko au tanuri la kuchomea viungo vilivyokataliwa, na ukuta ambao mbwa hawezi kuupenya. Hilo peke yake litakata mzunguko wa tegu wote, wanaojulikana na wasiojulikana. Lisingoje maabara.

Jambo la pili, mkaguzi wa nyama apewe chupa. Ndiyo, chupa tu, zenye spiriti na karatasi ya kuandikia. Leo mkaguzi akiona kifuko hukata kiungo, huandika kwamba kimekataliwa, basi. Ningependa, mara moja kwa wiki, achukue vipande vichache vya ukuta wa vifuko, aviweke kwenye chupa, aandike ni mnyama gani na ametoka wapi, kisha vipelekwe maabara. Spiriti hutunza DNA bila friji.

Maabara hatuna haja ya kuzitafuta ng'ambo. KEMRI iko barabara ya Mbagathi. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo cha udaktari wa mifugo Kabete, na huko huko iko ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo. Wakenya wenye elimu hii wapo, na majina yao yamo kwenye tafiti nilizozitaja. Kinachokosekana ni daraja kati ya kichinjio cha Huruma na maabara ya Kabete, umbali ambao matatu mbili zingeumaliza asubuhi moja.

Jambo la tatu, mbwa. Sitaki kusikia ile dawa ya zamani ya kuwapiga risasi mbwa koko usiku na kuwaacha barabarani. Mbwa huzaliana wakajaza nafasi hiyo haraka, na aliyebaki bado anakula mapafu yenye vifuko. Mbwa wapewe dawa ya minyoo siku ile ile wanapochanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, wahasiwe, na wenye nao waandikishwe. Na muda wa kurudia dawa upangwe kulingana na tegu waliopatikana kwenye zile chupa, si kwa kunakili kijitabu cha nchi yenye kondoo pekee.

Mtu ataniuliza gharama. Namjibu kwa swali: upasuaji mmoja wa kutoa kifuko kwenye ini unagharimu nini, ukihesabu kitanda, damu, dawa na miezi ambayo mama wa familia haendi sokoni kuuza? Kinga ni bora kuliko tiba. Maneno hayo tumeyaandika kwenye kuta za zahanati zetu, lakini kwenye bajeti hatuyaoni.

Nyumbani kwako

Ukingoja kaunti, huku nyumbani una yako ya kufanya. Usimpe mbwa maini wala mapafu mabichi, hata kama muuza nyama amekupa bure. Yachemshe hadi yaive kabisa, au yachome, au yafukie mbali na makucha yake. Kama una mbwa plotini, mpeleke apewe dawa ya minyoo kwa ushauri wa daktari wa mifugo, na kinyesi chake kisiachwe pale watoto wanapochezea mpira. Fundisha watoto kunawa mikono kwa sabuni kila wanapotoka kumchezea mbwa na kabla ya kula. Sukuma wiki na dhania inayoliwa mbichi katika kachumbari ioshwe vizuri kwa maji safi yanayotiririka. Na ukiwa na uvimbe au maumivu yasiyoisha chini ya mbavu, hasa kama umewahi kuishi na mbwa au kwenye jamii ya wafugaji, usikimbilie kwa mganga wala kujinunulia vidonge. Omba upigwe picha ya ultrasaundi.

Wala usimwogope muuza nyama wako. Mnofu uliokaguliwa na ukaiva vizuri hautakupa vifuko. Nimekwisha kusema na narudia, kwa sababu najua kesho kutakuwa na atakayeacha mutura kwa ajili ya makala hii, akamwacha mbwa wake alale kitandani na watoto.

Wiki iliyopita nilipita tena kwenye ule uchochoro. Mbwa walikuwa wamebaki watano. Kijana wa gambuti alinitambua, akanisalimu, "Shikamoo mzee, leo hakuna maji." Nikamweleza kwa kifupi yale niliyoyaandika hapa. Alisikiliza, akakuna kichwa, kisha akaniuliza swali ambalo sijalisikia likiulizwa na kiongozi yeyote wa jiji hili: "Sasa mzee, nikikiona kingine, nikuwekee kwa nani?"

Nilikosa jibu. Wenye mamlaka ya mifugo na afya katika kaunti ya Nairobi ndio wanaopaswa kumpa kijana huyo jibu, pamoja na chupa.